Jaramogi, Mwalimu Aliyemsoma Mnunuzi

Vyuo vikuu vyetu vina somo ambalo mwanafunzi wa biashara hawezi kulikwepa: somo la tabia za mnunuzi. Humo hufunzwa kwa nini mtu huchagua sabuni hii akaiacha ile, kwa nini huyapita maduka mawili yaliyo karibu akaenda la tatu lililo mbali, na kwa nini hununua leo kitu ambacho jana aliapa kwamba hana haja nacho. Ni somo zuri na lenye manufaa. Kasoro yake ni kwamba vitabu vinavyolifafanua aghalabu vimeandikwa Marekani na Ulaya, na mnunuzi anayesimuliwa humo ni mtu mwenye gari, anayesukuma kigari cha bidhaa katika duka lenye ukubwa wa uwanja wa kandanda. Mwanafunzi wetu humkariri mnunuzi huyo, hufaulu mtihani, kisha hurudi nyumbani asijue la kumwambia mama yake anayeuza omena.

Hali hiyo inashangaza zaidi katika nchi iliyo kandokando ya Ziwa Viktoria. Pale Luanda Kotieno, katika Rarieda, ambako feri hutia nanga ikitoka Mbita, kununua na kuuza ndiyo kazi ya mchana kutwa. Na katika kaunti hiyo hiyo ya Siaya, mjini Bondo, kipo chuo kikuu kilichopewa jina la mtu aliyelisoma somo hili kwa vitendo, kwa fedha zake mwenyewe na kwa miguu yake mwenyewe, miaka mingi kabla halijapata jina katika silabasi zetu. Mtu huyo ni Jaramogi Oginga Odinga. Wengi humkumbuka kwa siasa: umakamu wa rais, kizuizi na upinzani. Safu hii leo inataka kumkumbuka kwa jambo lililoyatangulia hayo yote, nalo ni duka.

Oginga Odinga alizaliwa yapata mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, sehemu za Sakwa, Bondo. Miaka kumi tu kabla ya hapo, Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Reli ilileta serikali, na serikali ikaleta kodi ya nyumba iliyotakiwa kulipwa kwa fedha taslimu. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara wa Kihindi. Alidina Visram, aliyekuwa na maduka tangu Pwani hadi Uganda, alifungua lake Kisumu, na wengine wadogo wakamfuata hadi vituo vya mashambani. Chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa, jembe la chuma na shuka vikawa mahitaji ya watu ambao babu zao hawakuvijua au walivipata kwa kubadilishana. Mtoto huyo wa Sakwa alikulia katika kizazi cha kwanza cha wanunuzi, kwa maana ya neno hilo kama tunavyolitumia leo.

Alisoma Maseno, akaendelea hadi Alliance, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda alikohitimu ualimu. Alirejea Maseno kufundisha hesabu, na baadaye akawa mkuu wa shule ya mifugo hapo hapo Maseno. Kwa kipimo cha siku zile alikuwa amefika. Mwafrika mwenye elimu ya Makerere, mwenye mshahara na heshima ya misheni, alikuwa na kila sababu ya kutulia. Hata hivyo, Odinga hakuwa mtu wa kupokea kila alichopewa. Kanisa lilipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya kigeni, yeye alishikilia kwamba majina ya kwao yanatosha, na mwenyewe akayaacha majina aliyobatizwa nayo. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini linaonyesha tabia yake: alitaka kwanza kujua kwa nini kitu cha mbali kihesabiwe bora kuliko cha karibu.

Swali hilo hilo ndilo lililomtoa darasani. Vita Kuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Nyanza walirejea kutoka pande nyingi za dunia wakiwa na akiba na hamu ya maisha mapya. Kwa muda, fedha zilionekana vijijini kuliko wakati wowote uliotangulia. Lakini fedha hizo zilikuwa kama mgeni wa usiku mmoja. Ziliingia kwa mshahara, kwa kiinua mgongo cha askari au kwa mauzo ya mazao, zikatoka kesho yake kupitia kaunta ya duka ambalo mwenyewe hakuwa Mwafrika. Mwalimu wa hesabu aliona mlingano usiolingana: jamii yenye mikono mingi ya kufanya kazi na wanunuzi wengi, lakini isiyo na wauzaji wa maana.

Hapa ndipo mwanafunzi wa leo anapaswa kusimama kidogo. Kulikuwa na jibu jepesi, nalo ni kwamba Mwafrika humdharau Mwafrika mwenzake na hupenda kumtajirisha mgeni. Jibu hilo tungali tunalisikia hata leo. Lakini mtu akilichunguza kwa makini huona kwamba mnunuzi wa wakati ule hakuwa mjinga wala msaliti. Duka la Mhindi lilikuwa na bidhaa nyingi mahali pamoja. Mwenye duka alinunua kwa jumla kutoka kwa jamaa au mshirika wake Kisumu au Mombasa, akapewa muda wa kulipa, na kwa hiyo aliweza kupunguza bei. Alifungua asubuhi na kufunga jioni bila kukosa. Duka la Mwafrika, kwa upande wake, lilikuwa na rafu tatu zenye vitu vichache, na mwenyewe alilifunga alipokwenda matangani. Hakuwa na mkopo, maana sheria za kikoloni zilimwekea Mwafrika mipaka katika kukopeshwa. Viwanja vya biashara na leseni vilitoka mikononi mwa maofisa waliodhani kwamba kazi ya Mwafrika ni kulima na kuajiriwa. Mnunuzi aliyelipita duka la ndugu yake alikuwa akifuata hesabu ya nyumba yake, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo kumkaripia mnunuzi kusingesaidia kitu. Kilichohitajika ni kuibadilisha hesabu yenyewe, na hilo lilitaka mtaji mkubwa kuliko wa mtu mmoja. Odinga na wenzake walianza kwa jambo dogo la kuweka akiba pamoja, wakiamini kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1947 jambo hilo likawa shirika lililosajiliwa kwa jina la Luo Thrift and Trading Corporation, yaani Shirika la Akiba na Biashara la Waluo, ambalo wengi walilijua kwa kifupi kama LUTATCO. Odinga aliacha ualimu, akaacha na mshahara wake, akawa mchuuzi wa hisa.

Naam, mchuuzi wa hisa. Kati ya bidhaa zote ambazo mtu anaweza kuuza, hisa ndiyo ngumu kuliko zote. Sukari huonjwa, kitambaa hushikwa, jembe hugongwa likasikika mlio wake. Hisa haionekani. Mnunuzi hutoa fedha zake leo akapewa karatasi na ahadi. Tena aliyekuwa akiombwa kununua ni mkulima au kibarua ambaye alikuwa amekwisha kusikia, au kuona kwa macho yake, fedha za michango zikipotelea mifukoni mwa wakusanyaji. Shaka yake ilikuwa ya haki. Odinga alijibu shaka hiyo kwa njia mbili ambazo kila mwanafunzi wa biashara angefaa kuziandika daftarini.

Njia ya kwanza ilikuwa kumfuata mnunuzi alipo. Hakuketi ofisini akingoja. Alizunguka Nyanza, akawafuata Waluo waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kazi za reli, bandari na viwanda, akakaa nao, akasikiliza malalamiko yao na kueleza hesabu zake. Ziara hizo za hisa zilikwenda sambamba na kazi ya kuujenga umoja wa Luo Union, ambao katika miaka ya 1950 ulimfanya kuwa Ker, yaani kiongozi wake mkuu. Huko ndiko alikojifunza watu wanataka nini, wanaogopa nini, na wanaamini neno la nani.

Njia ya pili ilikuwa kuonyesha kitu. Shirika lilijenga duka Maseno. Likawa na mtambo wa kuchapisha, Ramogi Press, uliotoa magazeti ya Kiafrika katika siku ambazo sauti ya Mwafrika ilikuwa adimu kuonekana kwa maandishi. Likajenga jengo la Ramogi mjini Kisumu, katika mji ambao biashara yake kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni. Mtu anaweza kuuliza kama lilikuwa jambo la busara kwa shirika changa kuzika fedha katika matofali. Kwa mhasibu, pengine si busara. Lakini kwa mtu aliyemsoma mnunuzi wake, jengo lilikuwa hoja isiyohitaji maelezo. Mwenye hisa alipofika Kisumu alilitazama, akaligusa ukuta, na karatasi aliyokuwa ameificha chini ya kitanda ikawa na maana. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Odinga alikuwa ameitembeza hisa kwa kuwa haikuwa na budi kutembezwa, kisha akajenga kitu cha kuiwezesha kujiuza yenyewe.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kusimulia habari hii kana kwamba ilikuwa ushindi mtupu. Shirika halikufikia ukubwa uliokusudiwa. Marehemu Profesa E. S. Atieno Odhiambo, mwanahistoria aliyefundisha Nairobi na baadaye Marekani, aliandika historia yake akiishia mwaka 1956, na yeyote anayeisoma habari hiyo huona jinsi mtaji ulivyokuwa mchache kwa kazi nyingi mno, na jinsi serikali ya kikoloni isivyopenda kumwona Mwafrika akijitegemea. Siasa nazo zilikuwa zikimvuta mwenye shirika upande mwingine. Hayo yote ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine ambayo inalihusu somo letu moja kwa moja, na ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo funzo kubwa la maisha ya Jaramogi kama mfanyabiashara.

Mtu mmoja anaweza kuwa wanunuzi wawili. Aliponunua hisa ya LUTATCO, alikuwa akinunua heshima ya jamii yake, na kwa ajili ya heshima mtu hutoa kwa moyo. Asubuhi iliyofuata, aliponunua chumvi, alikuwa baba au mama wa watoto wanaotaka kula, na kwa ajili ya chungu mtu huhesabu senti. Mapenzi ya jamii yalitosha kuliundia shirika mtaji wake wa kwanza. Hayakutosha kulileta jina la shirika kila siku mbele ya kaunta. Kaunta ina sheria zake: bei, kipimo, wingi wa bidhaa, daftari safi na mlango ulio wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na duka linalotegemea udugu peke yake humgeuza ndugu kuwa mdeni. Waliopigia kura bidhaa za nyumbani kwa maneno na kuzikimbia kwa mifuko hawakuwa wanafiki. Walikuwa watu wenye mahitaji mawili, na muuzaji alitakiwa kuyatimiza yote mawili.

Jaramogi mwenyewe hakuacha kujifunza. Mwaka 1953 alizuru India, nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka sita iliyotangulia. Huko Gandhi alikuwa amewafundisha watu kwamba uzi anaosokota mtu kwa mkono wake na nguo anayochagua kuvaa vinaweza kuitikisa himaya. Ni funzo la ununuzi hasa: kukataa kununua ni sauti, sawa na kununua. Katika miaka iliyofuata Wakenya walimzoea Jaramogi kwa koti lisilo na ukosi, kofia ya shanga na usinga mkononi. Vazi lilikuwa kauli. Lilimwambia Mwafrika kwamba heshima si lazima iagizwe kwa meli.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1957 alichaguliwa kuiwakilisha Nyanza ya Kati katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1958 akatamka humo, katikati ya makelele ya waliomkataza, kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliokuwa wamefungwa ndio viongozi wa kweli wa Waafrika. Mwaka 1964 akawa Makamu wa Rais wa Jamhuri. Mwaka 1966 alijiuzulu akaanzisha chama cha KPU. Oktoba 1969, baada ya ghasia na umwagaji damu mjini Kisumu, chama hicho kilipigwa marufuku na yeye akatiwa kizuizini hadi mwaka 1971. Uzeeni, mwaka 1991, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, na baada ya uchaguzi wa 1992 akawa kiongozi wa upinzani bungeni. Alifariki Januari 20, 1994, akazikwa kwao Nyamira Kang'o. Katika safari hiyo yote alikuwa akifanya lile lile alilojifunza akiuza hisa: kumwendea mtu alipo, kumsikiliza, na kumwomba aamini kitu ambacho bado hakijaonekana.

Tuyarudishe sasa masomo haya darasani, na hasa katika madarasa ya huko huko ziwani. Mwanafunzi wa Bondo hahitaji kwenda mbali kutafuta maabara. Ashuke Luanda Kotieno au gati jingine lolote akiwa na kalamu na daftari. Aulize kwa nini mnunuzi wa omena humrudia mama mmoja na kumpita jirani yake, ilhali wote wawili wanapima kwa gorogoro ile ile. Huenda akagundua kwamba mkebe wa mmoja umebonyezwa kitako, na kwamba wanunuzi wanalijua hilo hata kama hawalisemi. Aulize nani hukopesha, nani hukopeshwa, na deni hilo huathiri vipi bei ya kesho.

Aulize pia kuhusu mbuta. Tangu viwanda vya kusindika minofu vilipoenea ziwani katika miaka ya 1980, nyama ya samaki huyo husafirishwa ng'ambo, na wenyeji wamebaki kununua mifupa yake, ambayo kwa utani wenye uchungu waliipa jina la mgongo wazi. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu, nyavu zilikauka kwa sababu ya uamuzi wa wanunuzi ambao mvuvi hakuwahi kuwaona. Kitabu gani cha ughaibuni kitamweleza mwanafunzi mambo hayo vizuri kuliko mvuvi aliyeyaishi?

Lipo swali moja la mwisho, nalo ni zito kuliko yote: mnunuzi asomwe kwa faida ya nani? Elimu ya tabia za mnunuzi ni kama kisu, hukata mkate na hukata kidole. Leo wapo wanaoitumia kujua ni saa ngapi kijana asiye na kazi atashawishika kucheza kamari kwa simu, na ni maneno gani yatamfanya mama achukue mkopo wa riba kubwa asiouhitaji. Hao nao wamemsoma mnunuzi, tena kwa ustadi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi alichonunua, na haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya kumlinda mnunuzi ya mwaka 2012 ikafuata. Mwalimu anayefundisha jinsi ya kumvuta mteja bila kufundisha haki hizo amefundisha nusu ya somo.

Jaramogi alimsoma mnunuzi ili amsimamishe kwa miguu yake mwenyewe. Hakufaulu kikamilifu, na kutofaulu kwake kunafundisha sawa na kufaulu kwake. Chuo kinachobeba jina lake kilianza mwaka 2009 kama chuo kishiriki cha Maseno na kupata hati yake kamili mwaka 2013. Vyuo vyetu vyote vina wajibu wa kuiweka habari ya LUTATCO miongoni mwa mifano ya kwanza ambayo mwanafunzi wa biashara huisoma, pamoja na makosa yake na hesabu zake. Mhitimu anayejua kwa nini ndugu yake alilipita duka la ndugu yake mnamo mwaka 1947, na ambaye hamlaumu kwa hilo, yuko tayari kufungua duka ambalo halitapitwa.